Daraja Lililokamilika kwa Asilimia Tisini na Tano

(Hotuba ya Injinia Ezati, Mkurugenzi Mkuu wa kampuni ya Ezati na Wenzake, Uhandisi, Ujenzi na Shughuli Nyinginezo, yenye makao yake makuu mjini Arua. Aliitoa katika mkutano wa mwaka wa kampuni, ukingoni mwa mto Ejiri, upande wa Koboko, akiwa juu ya jukwaa la mbao lililojengwa kwa ajili ya siku hiyo. Mvua ilikuwa imenyesha milimani tangu alfajiri, na maji ya mto yalikuwa yanapanda.)

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, maana mgeni rasmi mwenyewe amepata udhuru, na mwakilishi wake naye amepata udhuru wa kumsindikiza. Waheshimiwa wenyeviti wa LC, yaani halmashauri za vijiji, wa pande zote mbili za mto, mlio madarakani na mnaosubiri. Mapadre wetu kutoka Ediofe, makasisi wetu kutoka Mvara na masheikh wetu wa Koboko mjini, ninaowaona mmeketi mstari mmoja kama timu moja ya mpira. Mama zetu wa soko. Ndugu zetu wafanyabiashara kutoka Sudan Kusini, ambao mpaka hauwazuii ila ushuru unawafahamu kwa majina. Mwenyekiti wa waendesha boda. Wakunga, walimu, wastaafu wa jeshi mliokuja na medali na mliokuja na fimbo. Ninyi mliofika kwa ajili ya mkutano, na ninyi mliofika kwa ajili ya nyama ya mbuzi, ambao kwa utafiti wetu wa kina ni asilimia tisini na nane. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na kama kuna niliyemsahau, ajihesabu kuwa ametajwa wa kwanza.

(Makofi. Bwana Acidri, afisa uhusiano wa kampuni, amesimama nyuma ya jukwaa akiinua mikono juu kila watu wanapotakiwa kupiga makofi, na kuishusha wanapotakiwa kuacha.)

Asanteni. Nimesimama mbele yenu kuwasilisha ripoti ya utendaji wa kampuni kwa mwaka uliopita pamoja na matarajio ya mwaka ujao, na niseme mapema, bila kujisifu, kwa sababu kujisifu si tabia yangu na wote wanaonifahamu wanausifu sana unyenyekevu wangu, kwamba mwaka huu kampuni imekua kwa asilimia mia tatu, ukuaji ambao haujawahi kuonekana katika eneo letu lote la West Nile, na ambao hata mimi mwenyewe, mtaalamu, nilipouona nilivua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena, ukawa bado upo.

(Makofi. Mzee mmoja anauliza, "Mia tatu ya nini?" Anaambiwa anyamaze.)

Tukianza na jengo letu la ghorofa pale Mvara, jengo hilo limeshapata jina, na kwa lugha ya kitaalamu jengo lenye jina haliwezi tena kuitwa wazo. Kuhusu barabara ya kuelekea Kuluva, kampuni imeipita mara nyingi sana kwa ajili ya tathmini, kwenda na kurudi, tena mimi mwenyewe nikiwa dirishani. Nako Ediofe tumeingia katika feizi ya kutafakari, ambayo ni feizi ngumu kuliko zote, kwa sababu haihitaji saruji bali kichwa.

(Makofi. Kicheko kutoka kwenye viti vya mapadre.)

Lakini ndugu zangu, hayo yote ni sambusa kabla ya chakula. Chakula chenyewe ndicho kilichotukusanya hapa, yaani Daraja la Kimataifa la Ejiri, litakalofupisha safari kati ya vijiji hivi na Arua, litakalowafikisha wagonjwa kwenye kituo cha afya kile mnachokiona juu ya kilima, ng'ambo, bila mtu kulowanisha hata kidole, na ambalo nina heshima na taadhima kubwa kuwatangazia leo, mbele ya Mwenyezi Mungu na mbele ya vyombo vya habari ambavyo vimealikwa, kwamba limekamilika kwa asilimia tisini na tano!

(Acidri anainua mikono. Makofi hayaji. Watu wanageuza shingo kuutazama mto, kisha wanamgeukia tena mkurugenzi. Mama Poni, mwuzaji wa samaki wakavu kutoka Sudan Kusini, anasimama na beseni lake kiunoni. Anasema: "Bosi, samahani. Wewe nasema daraja iko. Iko wapi? Mimi nakaa hapa na samaki yangu tangu asubuhi, mimi naona maji tu.")

Swali zuri sana, mama yangu, na napenda wananchi wanaouliza, kwa sababu wananchi wanaouliza ni wadau, na mdau ni mtu wa muhimu hata kama hajui kitu. Sasa nisikilizeni kwa makini, maana hapa tunaingia kwenye uhandisi. Mtu asiye na taaluma anadhani daraja ni vyuma na zege. Hapana! Daraja ni dizaini, ni mashauriano, ni semina ya kujenga uwezo, ni chakula cha hiyo semina, ni ziara ya mafunzo, ni ripoti ya ziara, na ni semina ya kuijadili ripoti. Ukijumlisha hayo yote unapata asilimia tisini na tano bila ubishi, na kazi inayobaki, ile asilimia tano, ni ile sehemu ndogo tu inayoonekana kwa macho.

(Kicheko kinaanzia nyuma kwa waendesha boda na kusonga mbele mstari kwa mstari mpaka kinawafikia masheikh. Mama Poni anasema: "Basi sisi natembea juu ya ile semina?")

Tulieni! Tulieni, ndugu zangu. Kwa mujibu wa katiba ya kampuni, ripoti ya mwaka hupitishwa na wananchi wanufaika kwa kuinua mikono, kisha Mwakilishi wa Mwakilishi anapigwa picha akiiona hiyo mikono, na picha hiyo ndiyo itakayotufungulia milango ya maendeleo huko juu. Kwa hiyo, wanaokubali kwamba daraja limekamilika kwa asilimia tisini na tano, mikono juu!

(Acidri anainua mikono yake yote miwili. Hakuna mwingine.)

Naona mikono miwili, nayo ni mwanzo mzuri. Kabla sijarudia swali, niwaonjeshe matarajio ya mwaka ujao ili mioyo ilainike. Mwaka ujao, baada ya daraja, tutaingia kwenye reli ya angani kutoka Arua hadi Koboko, ambayo mkulima atapanda na mihogo yake, akae, avuke mawingu, na kabla mihogo haijapoa...

(Kelele zinatoka njiani. Pikipiki inaingia moja kwa moja mpaka chini ya tenti ya waheshimiwa. Nyuma ya dereva amekaa Pasca, mwanamke mjamzito, na nyuma yake mumewe, Mindra, amemshika mabegani. Pasca anauma ncha ya leso yake. Mindra anaruka chini na kupaza sauti: "Ndugu zangu, saidia! Bibi yangu iko na uchungu tangu usiku. Mutoto nataka kutoka, na hapana geuka vizuri. Mukunga nasema lazima kwa nesi Ritah, kule juu.")

Ndugu, karibu, karibu sana kwenye mkutano. Afisa uhusiano, watafutie viti. Kama nilivyokuwa nikisema, na hata ujio wa mama huyu ni ushahidi wa uhitaji mkubwa wa mradi wetu, jambo ambalo tutaliingiza kwenye ripoti...

(Mindra hasikilizi. Anateremka mtoni kupima maji. Hatua chache tu na maji yanamfika kifuani, yanamzungusha, anashika tawi la mti na kuvutwa nje na waendesha boda. Anarudi amelowa. Anamwambia mkewe: "Hapana wezekana. Maji iko nguvu." Pasca anaanza kulia, si kwa sauti kubwa.)

Jamani. Jamani, tuwe na subira. Uhandisi una taratibu zake. Maji yana tabia ya kupanda na yana tabia ya kushuka, na takwimu zinaonyesha...

(Watu wameacha viti. Laku, mfyatua matofali wa kijiji hicho, mtu mpana wa mabega, ameinama nyuma ya jukwaa. Unasikika mlio wa msumari ukitoka kwenye mbao.)

Bwana Acidri, kwa nini jukwaa linatikisika? Wewe bwana! Wewe mwenye fulana nyekundu! Hiyo ni mali ya kampuni! Hilo ni jukwaa la mkutano mkuu wa mwaka, limejengwa kwa vipimo, kwa mbao nene na ndefu za...

(Laku ananyooka, ubao begani. Anamjibu kwa upole: "Najua, Mzee. Ndiyo sababu. Hii mbao iko mrefu, nafika kwa ile jiwe ya katikati. Kama sisi nafunga na hii chuma ya tenti, huyu mama napita. Lakini wewe nasimama juu yake.")

(Mkurugenzi anatazama chini, miguuni mwake. Anamtazama Acidri, ambaye hajui ainue mikono au aishushe. Anamtazama Pasca. Kipaza sauti kiko mkononi, na pumzi yake inasikika kwenye spika.)

Chukueni.

(Anashuka. Hakuna anayepiga makofi, kwa sababu mikono yote ina kazi. Jukwaa linafumuliwa. Nguzo za tenti zinang'olewa na tenti inalala juu ya viti vya waheshimiwa, nao wanatoka chini yake mmoja mmoja. Laku anaongoza kazi kwa sauti: "Kamata hapa! Inua! Pole pole, hapana tupa!" Mto Ejiri si mpana mahali hapo, na una majabali mawili katikati. Mbao zinalazwa kutoka ukingo hadi jabali la kwanza, kisha hadi la pili, zinafungwa kwa kamba za tenti, na utepe mwekundu wa uzinduzi unatumika kufunga pale kamba ilipoishia. Mkurugenzi ameingia majini hadi mapajani, na suti yake ya kijivu, ameshikilia kichwa cha ubao usiteleze. Kipaza sauti bado kimewashwa, kimebanwa kwapani.)

Bwana Laku, upande wako uko chini. Inua kidogo. Hapo. Hapo! Acidri, acha kuinua mikono, njoo ushike! Mungu wangu, maji haya ni baridi. Dereva! Dereva wangu wee, huko ng'ambo, unanisikia? Geuza gari, fungua mlango wa nyuma, toa hayo mabango yote ya kampuni, yatupe nje, weka nafasi alale mtu!

(Pasca anavuka. Mindra yuko mbele akirudi kinyumenyume, amemshika mikono yote miwili, na Mama Poni yuko nyuma, amevua ndala, anamwambia bila kukoma: "Tazama mume yako. Hapana tazama maji. Tazama mume yako tu, binti yangu." Kwenye jabali la pili uchungu unamkamata, anasimama. Kisha anatembea tena. Anapokanyaga nyasi za ng'ambo, kelele zinazopanda haziongozwi na Acidri. Gari linapanda kilima na Pasca, Mindra na Mama Poni.)

(Mkurugenzi anatoka majini. Jukwaa halipo. Anasimama kwenye nyasi na kufungua karatasi zake, zilizolowa na kushikana.)

Naam. Mabibi na mabwana. Kama nilivyokuwa nikisema. Matarajio ya mwaka ujao yamegawanyika katika nguzo kuu nne, na nguzo ya kwanza... nguzo ya kwanza ilikuwa kwenye karatasi hii, lakini naona wino umeondoka. Tuseme reli. Tulikuwa kwenye reli. Mkulima amepanda na mihogo yake. Amekaa.

(Hakuna anayemtazama. Watu wote wamekielekea kilima.)

Amekaa, na anasubiri. Ndugu zangu, niseme ukweli wa kitaalamu. Sijui mkulima anaelekea wapi. Kuna mtu yeyote mwenye namba ya simu ya nesi?

(Mwenyekiti wa boda anasema mtandao unakata kule juu, lazima kungoja. Wanangoja. Masheikh wanaomba dua kimoyomoyo, na kasisi mmoja wa Mvara ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Mkurugenzi anaketi kwenye kiti cha plastiki kati ya Laku na Acidri. Anapewa kikombe cha chai, anakinywa kwa kelele. Nyama ya mbuzi inaungua kidogo na hakuna anayelalamika. Jua lilikuwa limeanza kutoka mawinguni ndipo simu ya Laku ikalia. Ni Mama Poni, na sauti yake inasikika bila spika: "Laku! Mutoto iko nje! Mwanamke! Iko na kelele kama mkutano! Mama yake iko salama!")

(Vigelegele. Viti vinaanguka. Mindra anasikika kwenye simu akicheka na kulia kwa pamoja. Laku anamkumbatia mkurugenzi, naye anainuka kutoka ardhini kwa muda.)

Mabibi na mabwana! Nishushe, bwana Laku. Mabibi na mabwana! Kwa niaba ya Bodi ya Wakurugenzi, menejimenti na wafanyakazi wote, napenda kutangaza rasmi kwamba kampuni yetu imefanikisha, ndani ya muda na kwa viwango vya kimataifa, uvushaji wa abiria wawili, mmoja wao akiwa bado hajazaliwa, na kwamba hakuna kampuni nyingine ya ujenzi kutoka Arua hadi Koboko yenye rekodi ya namna hiyo! Na kwa kuwa mtoto huyu ni mnufaika wetu wa kwanza, napendekeza kwa unyenyekevu mkubwa aitwe Ezati.

(Kicheko kikubwa. Mama Poni, ambaye ameshateremka kilima kwa boda na sasa anarudi kwa kupita juu ya mbao, ndala mkononi, anamjibu kutoka katikati ya mto: "Mama yake natoa jina, Mzee. Wewe natoa daraja.")

Pendekezo limepokelewa na limekataliwa, hiyo ndiyo demokrasia. Basi turudi kwenye ajenda. Naomba kura kwa mara ya pili, kwa sababu Mwakilishi wa Mwakilishi ana safari, na mpiga picha naye tumemkodi. Wanaokubali ripoti ya mwaka, mikono juu!

(Watu wanatazamana. Mama Poni anafika ukingoni, anavaa ndala zake na kulichukua beseni lake alipokuwa ameliacha. Anasema: "Mzee, ngoja. Sisi hapana wajinga. Sisi nainua mikono, wewe napata picha yako. Lakini hii mbao hapana rudi Arua. Hii chuma ya tenti hapana rudi. Nabaki hapa, na Laku natia mawe pembeni. Wewe nakubali, sisi nakubali.")

Mama yangu, hizo mbao ni... hilo jukwaa lina mikutano mingine. Kuna mkutano wa Arua. Kuna semina. Na hiyo tenti kwa kweli si ya... Acidri, usinitazame hivyo. Unalia? Unalia nini sasa?

(Acidri anafuta macho kwa beji yake. Ng'ambo, mwanamke mwenye kuni kichwani ameufikia mto, amezikuta mbao, ameziangalia, na ameanza kuvuka.)

Zibaki.

(Mikono inapanda. Yote: ya waendesha boda, ya mama wa soko, ya wastaafu, ya mapadre na masheikh, na mikono miwili ya Acidri ambayo mara hii haimwongozi mtu. Picha inapigwa. Mkurugenzi ndani yake amelowa hadi kiunoni na anacheka.)

Azimio limepita kwa asilimia mia moja na kumi! Sasa nimefika mwisho, na naomba mnisaidie kuitikia, ili wasikie mpaka Koboko mjini. Nikisema "Uhandisi!" mnasema "Kwa watu!" Uhandisi!

(Kwa watu!)

Nikisema "Ejiri!" mnasema "Hatulowi tena!" Ejiri!

(Hatulowi tena!)

Semina!

(Kicheko. Mtu mmoja: "Hapana!")

Sawasawa. Basi nitoe shukrani, na niwe mfupi, maana mbuzi ameshaiva kupita dizaini. Namshukuru nesi Ritah, Pasca na bwana Mindra. Namshukuru Mama Poni, ambaye kuanzia leo ni mshauri elekezi wa kampuni, apende asipende. Namshukuru bwana Laku, ambaye asubuhi ya leo, kabla maji hayajapanda, alinibeba mgongoni kunivusha mto huu, mimi na karatasi zangu, ili niweze kufika kuzindua daraja. Nawashukuru wafanyakazi wote wa kampuni, yaani bwana Acidri na dereva. Naishukuru na Bodi ya Wakurugenzi, yaani mke wangu, ambaye amenipigia mara kadhaa kuuliza tenti ya kanisa inarudi lini. Na kwa namna ya pekee nazishukuru mamlaka zote zinazohusika na madaraja, pamoja na wafadhili wa ndani na wa nje, ambao mpaka hivi ninavyozungumza hawajatangaza tenda yoyote ya daraja hapa Ejiri, hawajatupa kazi, hawajaiona hiyo dizaini kwa sababu haijachorwa, na kwa kweli hawajui kama kampuni yetu ipo. Lakini siku watakapokuja na magari yao kuwauliza kama mnahitaji daraja, tafadhali waambieni kwa heshima kwamba wamechelewa, daraja limeshazinduliwa, watu wanapita, na mtoto amezaliwa.

Asanteni sana, Mungu awabariki. Na mnapovuka, mwangalie ubao wa tatu, unacheza.

(Makofi marefu.)